Aliyeua watoto Southport hakuwa Mwislamu. Kwa nini mawe yalirushwa msikitini?

#1 Binti Mkwakwani
Salaam wanajamvi.

Mimi ni mtu wa Tanga, nabeba boksi Middlesbrough, kaskazini mwa Uingereza, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuna jambo limenikaba kooni tangu 2024, leo nimeona niliweke hapa.

Tarehe 29 Julai mwaka ule, mji wa Southport, kijana wa miaka 17 aliingia na kisu kwenye darasa la dansi la watoto. Aliua wasichana watatu wadogo na kujeruhi wengine. Muda si muda mitandaoni likazagaa jina: Ali Al-Shakati, Mwislamu, mwomba hifadhi aliyekuja kwa boti. Jina la kutunga. Mtuhumiwa alizaliwa Cardiff, wazazi wake wametoka Rwanda, familia ya watu wa kanisani. Kesho yake usiku umati ukauvamia msikiti wa Southport kwa matofali na chupa. Tarehe 1 Agosti jaji akaruhusu jina la kweli litajwe, uvumi ufe. Haukufa. Jumapili ya tarehe 4 ukafika mtaani kwangu.

Nilizima taa nikachungulia pembeni ya pazia. Walikuwa wanavunja vioo nyumba hadi nyumba, mchana kweupe. Mwanamume mmoja alikuwa kamshika mtoto wake mkono, kama baba na mwana wanaokwenda uwanjani kutazama mpira. Barabara ya juu walikuwa wanasimamisha magari na kumuuliza dereva kama ni mzungu, kama ni Mwingereza. Zamu yangu ilikuwa ya usiku. Mwenzangu wa kazi, mama wa Kiingereza, alinifuata na gari yake, akaniletea koti lenye kofia nifunike mtandio.

Aliyeua si Mwislamu. Na hata angekuwa, msikiti umehusikaje? Hii imani kwamba Waislamu wamepanga kuitwaa Ulaya imetoka wapi, na inalishwa na nini? Naomba hoja, matusi hapana.

#2 Kijiti
Pole sana dada. Nimetandika mkeka hapa.

#3 Mzee wa Reli
Pole binti. Jibu langu ni fupi: njaa. Kiwanda cha chuma cha Redcar, jirani yako hapo, kilifungwa 2015, zaidi ya watu 2,000 wakabaki mikono mitupu. Babu alifua chuma, baba alifua chuma, mjukuu anapeleka vifurushi vya watu milangoni. Anatafuta wa kumlaumu. Wenye kiwanda hawaoni, anamwona wewe kituo cha basi.

#4 Nahodha wa Kae
Mzee wa Reli, heshima yako, lakini nieleze Uswisi basi. Kule hakuna njaa. Tarehe 29 Novemba 2009 walipiga kura ya nchi nzima kukataza kujenga minara ya misikiti, na asilimia 57.5 wakasema ikatazwe. Unajua minara yenyewe ilikuwa mingapi Uswisi nzima? Minne. Nchi tajiri imebadili katiba yake kwa ajili ya minara minne.

#5 Mzee wa Reli
Minne! Hilo sikulijua. Lakini Middlesbrough si Uswisi. Ugonjwa mmoja unaweza kuwa na milango miwili ya kuingilia.

#6 Baba Neema
Mimi ni Mkristo, na nitasema ambalo wengine wanalikwepa. Watu hawa wameona Septemba 11. Wameona London 2005, watu 52 kwenye treni na basi. Wameona Paris Novemba 2015, watu 130. Waliofanya hayo walitaja Uislamu kwa vinywa vyao wenyewe. Ukiumwa na nyoka, ukiona ung'ongo unashtuka. Na dada, hujatuambia yote: huyo kijana wa Southport si alikutwa na kitabu cha mafunzo cha Al-Qaeda?

#7 Binti Mkwakwani
Baba Neema, kweli, na ni vizuri umelitaja. Alikutwa nacho kwenye kompyuta, na nyumbani kwao ilikutwa sumu ya risini. Lakini hayo yalitangazwa mwisho wa Oktoba, miezi mitatu baada ya misikiti kushambuliwa. Wale waliorusha matofali Julai hawakuyajua. Pia alikuwa amekusanya habari za kila aina ya mauaji, mauaji ya kimbari yakiwemo, na polisi hawakuona dini wala siasa aliyoifuata. Januari 2025 alihukumiwa, atakaa ndani si chini ya miaka 52.

Wanaosema serikali ilificha wanashika ule ukimya wa miezi mitatu. Hapo nawaelewa. Polisi kukaa kimya kuliacha uwanja mtupu, mwongo akajijazia.

#8 Msomaji wa Usiku
Nataka kujibu lile la "imetoka wapi", maana hii imani ina ukoo wake.

Mwanzo kuna neno "Eurabia". Lilienezwa na mwandishi anayejiita Bat Ye'or, kitabu chake kikatoka 2005. Anadai kwamba baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973 viongozi wa Ulaya waliiuza Ulaya kwa Waarabu kwa siri: nyinyi mafuta, sisi tutawafungulia milango. Ushahidi wake mkubwa ni kikao kilichoitwa Mazungumzo ya Ulaya na Waarabu, ambacho kilikuwepo kweli. Kilikuwa kikao dhaifu cha kidiplomasia, makaratasi na chai. Yeye akakigeuza serikali ya siri.

Kisha 2011 Mfaransa Camus, yule aliyepata Nobeli, akaandika kuhusu "Uingizwaji Mkuu", yaani Wafaransa wanaondolewa na watu wengine wanawekwa mahali pao. Mwaka huohuo, tarehe 22 Julai, Breivik akaua watu 77 Norwei. Waraka wake wa zaidi ya kurasa 1,500 umejaa hiyo Eurabia. Tazameni aliowaua: 69 walikuwa kwenye kambi ya vijana wa chama cha Leba kisiwani Utøya, wengi wao Wanorwei wenzake. Hakwenda msikitini. Nadharia hii lazima iwe na msaliti ndani ya nyumba, na msaliti ndiye anayeanza kuuawa.

Halafu Christchurch, Nyuzilandi, 15 Machi 2019, misikiti miwili, wakati wa swala ya Ijumaa, watu 49. Muuaji aliupa waraka wake jina lilelile la Camus.

#9 Dk. Mbuyuni
Msomaji, umefundisha vizuri, ila naomba nikurekebishe mawili. Aliyepata Nobeli ni Albert Camus, alifariki 1960. Huyu wa Uingizwaji Mkuu ni Renaud Camus, mtu mwingine kabisa. Na Christchurch 49 ni hesabu ya siku ya kwanza. Waliofariki ni 51.

Ongeza hili. Nadharia hiyo haiishii kwa Waislamu. Charlottesville, Marekani, Agosti 2017, wazungu wabaguzi waliandamana na mienge wakiimba kwamba Wayahudi hawatachukua nafasi yao. Mei 2022 kule Buffalo kijana aliyeamini hayohayo aliwaua watu weusi 10 dukani. Jina la adui linabadilika, hadithi ni ileile. Anayesoma historia ya Ulaya anaikumbuka: zamani iliambiwa kwamba wazee wa Kiyahudi wamekaa wamepanga kuitawala dunia.

#10 Msomaji wa Usiku
Nimepokea daktari, asante. Camus amenichanganya.

#11 Kijiti
Usomaji wa usiku huo, mkuu. Uwe unalala.

#12 Uvira-Hull
Bandugu, jambo. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, tulifika Hull, Uingereza, kutoka kambini. Niko Mpentekoste, mke wangu anaimba kwaya.

Ile Jumamosi ya tarehe 3 Agosti 2024 nilitoka kazini mchana, mfuko wa chakula mkononi, msalaba shingoni. Vijana wanne wakanifuata wakipiga kelele: "Allah! Allah! Rudi kwenu!" Niliwaonyesha msalaba. Mmoja akacheka, akanitupia kopo la bia kifuani. Shati ilinuka hadi nikaoga mara mbili. Siku hiyohiyo, hapohapo Hull, walizingira gari, wakavunja vioo, wanawavuta waliokuwa ndani watoke. Walikuwa Waromania. Wazungu, Wakristo.

Kwa hiyo mimi nasema Uislamu ni jina tu wanaloliita. Wanachokichukia ni sura ya mgeni. Nilikimbia watu waliotaka kujua kabila langu kabla ya kunisalimu. Nimefika huku, wanataka kujua dini yangu, na nikiwajibu hawasikii.

#13 Baba Neema
Ndugu wa Uvira, hii imeniuma. Pole sana.

#14 Jirani wa Kogelo
Sisi Siaya tuliiona hii mapema. Obama alipogombea 2008 walisambaza picha yake ya 2006 akiwa Wajir, amevishwa nguo za Kisomali na wazee, heshima ya kawaida kwa mgeni. Kule Marekani picha hiyo ikawa ushahidi kwamba ni Mwislamu wa siri. Agosti 2010, keshakuwa rais, shirika la Pew liliuliza watu: asilimia 18 walisema ni Mwislamu. Mtu alikuwa akisali kanisani Chicago miaka 20!

Kinachonichoma ni jinsi alivyokuwa akijitetea: "mimi si Mwislamu". Sawa, ni kweli. Lakini kama angekuwa, kosa liko wapi? Babu yake, Hussein Onyango, alisilimu. Mama Sarah alikuwa Mwislamu, alifariki Machi 2021 akazikwa Kiislamu hapa Kogelo, na majirani Wakristo tulijaa kwenye mazishi. Hakuna aliyeshangaa.

#15 Fundi Saa
Tukiwa hapo Marekani: mnakumbuka Januari 2020 Trump alipoiingiza Tanzania kwenye ile orodha iliyoanza 2017 kama marufuku ya watu wa nchi za Kiislamu kuingia Marekani? Mdogo wangu alikuwa ameshinda bahati nasibu ya grinikadi. Fomu alizijaza nyumbani, amepiga na picha, anaitwa Emmanuel. Akafungiwa viza kabisa.

#16 Dk. Mbuyuni
Fundi, pole kwa mdogo wako. Kwa usahihi tu: Tanzania haikufungiwa viza zote, ilifungiwa hiyo ya bahati nasibu peke yake, pamoja na Sudan. Biden aliifuta siku alipoapishwa, 20 Januari 2021. Na sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa kubadilishana taarifa za usalama, si dini. Kila mtu ataamua anavyoona.

#17 Fundi Saa
Sawa daktari, lakini bahati nasibu haikumsubiri.

#18 Mto Nile
Kampala tupo! Kijana wetu Zohran Mamdani, aliyezaliwa hapa 1991, amechaguliwa meya wa New York tarehe 4 Novemba 2025. Mwislamu, na hakujificha. Lakini mliona alivyopakwa matope? Mbunge mmoja wa Tennessee alitaka anyang'anywe uraia. Septemba 11 ilitokea Mamdani akiwa mtoto wa shule papo hapo New York, na bado walimbebesha.

#19 Kijiti
Waganda mmeanza. Mwaka juzi mlikuwa hamumjui.

#20 Mto Nile
Baba yake amefundisha Makerere, ndugu. Tulimjua kabla yako.

#21 Baba Neema
Turudi kwenye mada. Kuna jambo la Rotherham, mji wa huko Uingereza. Ripoti ya 2014 ya Profesa Alexis Jay ilikadiria watoto 1,400 walidhulumiwa kingono kati ya 1997 na 2013, na watenda wengi walitajwa kuwa wa asili ya Pakistani. Maofisa walijua, wakanyamaza, wengine kwa kuogopa kuitwa wabaguzi. Mzazi wa Rotherham akisema hawaamini wakubwa, utamwambia ana nadharia ya njama? Kwake njama ilikuwa kweli.

#22 Binti Mkwakwani
Baba Neema, watoto wale walitendewa unyama na waliowanyamazia wana dhambi. Sitalipunguza hilo hata kidogo. Ripoti ileile inasema pia polisi waliwadharau wengi wa wale watoto. Hiyo sehemu haibebwi kwenye mabango. Na Juni 2025 Louise Casey, aliyetumwa na serikali, alikagua nchi nzima akakuta kwamba kwa theluthi mbili ya wahalifu wa aina hiyo asili yao haikuandikwa popote. Kwa hiyo anayesema "ni Waislamu" hana takwimu za nchi nzima, na anayesema "si suala lao kabisa" hana pia. Wametuachia kiza.

Tarehe 4 Agosti palepale Rotherham walijaribu kuichoma hoteli yenye waomba hifadhi, watu wakiwa ndani. Sidhani yumo mtoto hata mmoja wa 1,400 aliyefarijika kwa moto ule.

#23 Mwalimu Sikonge
Nami nichangie. Hofu hii huwa kubwa pale Waislamu ni wachache. Maandamano ya PEGIDA, kundi la Wajerumani wanaoupinga Uislamu, yalianza Dresden Oktoba 2014, na Januari 2015 yalifika watu kama 25,000. Jimbo lenyewe, Saksonia, wakati huo Waislamu walikuwa hawafiki hata asilimia moja. Uswisi ya Nahodha ni hivyohivyo: jimbo la Appenzell Innerrhoden, la milimani, ndilo lililounga mkono zaidi, ila Geneva yenye wageni tele ilikataa. 2016 Ipsos waliwauliza Wafaransa, kati ya watu 100 nchini mwenu Waislamu wangapi? Wakakisia 31. Hesabu ya kweli ilikuwa kama 7.5. Mtu anayekula nawe humwogopi, unamwogopa wa kwenye televisheni. Dawa ni kuishi pamoja.

#24 Nahodha wa Kae
Mwalimu, hapo umeteleza kidogo. EDL, lile kundi la Waingereza wanaoupinga Uislamu lililomtoa mwanaharakati Tommy Robinson, lilizaliwa Luton 2009, mji wenye Waislamu wengi mno. Lilianza baada ya kikundi kidogo cha Waislamu wakorofi kuwazomea askari waliorudi vitani. Watu wale walisoma shule moja na Waislamu, wameishi nao.

#25 Mwalimu Sikonge
Kuishi mtaa mmoja si kuishi pamoja, Nahodha. Kwetu mjomba Mwislamu na shangazi Mlutheri wanapika sufuria moja siku ya msiba.

#26 Binti Mkwakwani
Mwalimu, natamani ungekuwa sahihi, maana ningelala. Nikupe mfano wangu.

Kuna mzee namhudumia, ana miaka 88. Kila asubuhi namwosha, namvalisha, namfunga vifungo vya shati kimoja kimoja kwa sababu vidole vyake vinatetemeka. Mjukuu wake kamnunulia tableti. Wiki iliyopita nimepiga magoti mbele yake, nimefika kifungo cha tatu, akanionyesha video ya yale maandamano ya London ya Septemba 2025 aliyoyaitisha Tommy Robinson, watu zaidi ya laki moja. Akaniambia kwa sauti ya upole kabisa: "Waislamu wanaichukua nchi yetu, mpenzi. Mimi nitakufa, nakuonea huruma wewe mwenye watoto."

Mtandio wangu ulikuwa umegusa goti lake. Nikamwambia, mimi ni Mwislamu. Akasema: "Wewe ni wewe. Wewe si wao."

Miaka mitatu namwosha mzee huyu. Nimemwonjesha mandazi yangu ya Idi. Kunijua mimi hakujampunguzia hofu hata chembe, ameniondoa tu mimi kwenye kundi na kuliacha kundi lilivyo.

#27 Mwalimu Sikonge
Dada, sina jibu la hilo. Nimelisoma mara mbili.

#28 Mkazi wa Majengo
Mombasa hapa. Bwana Mwalimu, hiyo sufuria moja tusiisifu sana. Aprili 2014 Wasomali, wengine wao wakiwa raia wa Kenya, walikusanywa Eastleigh kwa maelfu wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Nilikuwa Nairobi, nikawasikia watu wema, wa kanisani na hata wa msikitini, wakisema "bora". Baada ya shambulio la chuo cha Garissa 2015, wale watu 148, wengi wao wanafunzi, Mola awarehemu, rafiki yangu alishushwa matatu kwa sababu ya begi na ndevu. Hofu ya nyoka ya Baba Neema naijua, tumeumwa kweli. Lakini hapakuwa na kitabu cha Mfaransa wala Eurabia. Kwa hiyo hizo nadharia ni nguo, mwili uko chini yake.

#29 Shamba la Karafuu
Kwa anayedhani Waislamu wamefika Uingereza jana: Liverpool kuna msikiti uliofunguliwa 1889 na Abdullah Quilliam, wakili wa Kiingereza aliyesilimu. Agosti 2024 watu walipokuja kuuandamania, imamu alitoka na chakula, akawagawia, wengine wakakumbatiana naye. Na sultani wetu Jamshid aliishi Portsmouth kimya kimya kuanzia 1964 hadi 2020. Nyumba ya kawaida tu, na majirani.

#30 Nahodha wa Kae
Wazanzibari hamuwezi kumaliza uzi bila kumtaja Jamshid.

#31 Fundi Redio
Mmezunguka kote mkaacha mfereji wenyewe. Mimi kazi yangu ni mitandao. Tommy Robinson alifungiwa Twitter 2018, akarudishwa Novemba 2023 baada ya bilionea Elon Musk kuinunua, na Septemba 2025 Musk mwenyewe alihutubia maandamano yale kwa video. Jina la Ali Al-Shakati liliandikwa X, ndiyo hiyo Twitter kwa jina jipya, kisha tovuti moja iliyojifanya ya habari ikalibeba. Watu wakasema ni Warusi. Baadaye aliyekamatwa alikuwa mtu wa Lahore, Pakistani, na mahakama ya huko ikamwachia.

Tovuti kama hizo haziishi kwa itikadi, zinaishi kwa kubonyezwa. Hasira ndiyo inayobonyezwa kuliko kitu kingine. Mzee wa vifungo akitazama video moja, mashine inamletea ya pili kali zaidi. Yeye anadhani anasoma habari za nchi yake.

#32 Mzee wa Reli
Fundi, 1889 hakukuwa na Twitter, na huyo Quilliam nasikia naye alirushiwa vitu. Mfereji haukutengeneza maji.

#33 Fundi Redio
Haukutengeneza, mzee, lakini zamani yalikuwa yanatiririka, siku hizi yanasukumwa kwa pampu.

#34 Baba Neema
Binti Mkwakwani, nimekaa na ile habari ya mzee. Ulimjibu nini aliposema "wewe si wao"?

#35 Binti Mkwakwani
Sikumjibu. Nilimalizia vifungo, nikamletea uji wake wa shayiri.

Kesho nina zamu saa moja asubuhi. Nimeamua nitamwomba anifungulie hiyo tableti, tukae wote, anionyeshe video moja baada ya nyingine zinavyokuja, na nimuulize kila moja kaiweka nani. Nitaleta mrejesho.

#36 Kijiti
Mkeka siukunji.